Shule ya kanisa inayojiita "ya kuandaa chuo kikuu": tuandike nini kwenye ukurasa wa kwanza?

Baba_Kampemba

Jambo yenu wote, wa hapa Lubumbashi na wa mbali.

Kanisa letu liko Kampemba. Shule ya msingi tunayo siku nyingi. Baadaye tukaongeza la saba na la nane, kisha humanite (sekondari ya juu), sehemu mbili: Kemia-Biolojia na Math-Fizika. Mwaka ujao tunatoa mafinalisti wa kwanza, yaani watoto wa darasa la mwisho. Sasa mchungaji wetu, ambaye ndiye promota (mwenye shule), alitembelea Marekani na kurudi na makaratasi ya shule tatu za Kikristo za huko, zile zinazoandaa watoto kwa chuo kikuu. Kila moja ina ukurasa wa kueleza falsafa na kusudi la shule. Akaiambia kamati ya wazazi: tengenezeni wa kwetu. Kalamu nikapewa mimi, eti kwa sababu nafanya kazi ya ofisini.

Balaa ilianzia kwenye tafsiri. Kijana aliyetutafsiria aliandika "shule ya kuandaa watoto kwa koleji". Mama mmoja akanyosha mkono: koleji si ndiyo hii tuliyo nayo? Kwetu, kwa Kifaransa, koleji ni sekondari. Kwa Wamarekani ni chuo kikuu. Tukacheka hadi mchungaji akagonga meza. Lakini nilipofika nyumbani swali lilibaki kichwani. Kama koleji tayari tuko ndani yake, tunamwandaa mtoto kwa nini?

Yale makaratasi yanafanana sana. Yanasema mwalimu wa kwanza wa mtoto ni mzazi, na shule inamsaidia tu. Hapo wanaleta Kumbukumbu la Torati sura ya 6. Yanasema kweli yote ni ya Mungu, kwa hiyo hata hesabu na fizika haziko nje ya imani. Kila mwalimu lazima awe mwamini. Mwishoni wanaweka Luka 2:52, Yesu akizidi kuendelea katika hekima na kimo, akimpendeza Mungu na wanadamu: akili, mwili, roho na kuishi na watu, vyote kwa pamoja. Wanachotofautiana ni mlango. Kuna shule za agano, ambazo angalau mzazi mmoja lazima akiri imani ndipo mtoto apokelewe, na kuna zilizo wazi kwa kila mtu.

Nikaandika sentensi ya kwanza: "Shule yetu inamwandaa mtoto kwa chuo kikuu na kwa mbingu." Nikamsomea mke wangu. Akauliza, "Na Exetat iko wapi hapo?" Ndio ule mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari.

Niongeze kwamba fundi wa rangi ameshatuwahi. Ukuta wa getini umeandikwa MAFANIKIO 100%, herufi nyekundu, na hatujawahi kuwa na finalisti hata mmoja. Nisaidieni.

---

Finalisti_Mchovu

Acheni ukuta hivyo hivyo. Wazazi hawasomi kitu kingine.

---

Mwalimu_Nyutoni

Mdogo wangu Finalisti, unasema kweli, na hapo ndipo pananiuma. Nafundisha fizika mwaka wa kumi na moja sasa, katika shule tatu tofauti, mbili kati yake za makanisa. Nikuambie asilimia mia inavyopikwa.

Njia ya kwanza ni kufundisha. Ipo, sikatai, lakini ni ndefu. Njia ya pili ni kuchuja: watoto dhaifu unawaaga mwaka mmoja kabla, wakaanguke kwa jirani. Njia ya tatu ni mchango. Siku chache kabla ya mtihani, kila finalisti analeta kiasi fulani "cha mapokezi" ya wasimamizi wa mtihani, na mapokezi hayo hayanunui soda tu. Niliwahi kuwekwa kwenye kamati ya kuukusanya, katika shule iliyokuwa na msalaba kwenye beji ya shati. Tulifungua kikao kwa sala. Nilisali pia, sijifanyi mtakatifu.

Exetat ni siku nne za session, na sehemu kubwa ni kuchagua jibu: utamaduni wa jumla, sayansi, lugha, masomo ya sehemu. Mtoto akifika Kasapa, kwenye kampasi ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi, mwaka wa kwanza, hakuna vijisanduku vya kuweka alama. Kuna ukumbi uliojaa, profesa anaongea saa mbili, na ni juu yako kujua kipi uandike. Wengi wenye 70% wanazama hapo. Hiyo ndiyo maana ya kuandaa chuo kikuu: kusoma ukurasa mgumu bila mtu kukutafunia, kuandika hoja kurasa mbili, kusema "sijaelewa" mbele ya watu mia tatu. Kama ukurasa wenu wa falsafa hautaji hata kimoja cha hivyo, mnaandaa mtihani tu, na mngesema hivyo waziwazi.

---

Yaya_Mado

Bandugu, mie sina mingi. Mutoto wangu mwanamuke alikuwaka ku masomo moja ya kanisa, jina sitasema. La tano ya sekondari, buletini (karatasi ya pointi) 52%. Prefe, mukubwa wa masomo, akaniita mu biro. Anasema: mama, mutoto amepita, lakini siye hatuna nafasi yake mu la sita. Nikamuuliza: nafasi ya kiti? Akasema: hapana mama, ya Exetat.

Njo kusema banaogopa ataharibu asilimia yabo.

Kesho asubui nikapita pale kuchukua buletini. Batoto boote ku drapo (bendera), banaimba Bwana ni mchungaji wangu. Nikasimama kidogo, nikasikiliza. Baliimba muzuri sana.

Tulimupeleka masomo ya serikali, Katuba, benchi moja batoto bane. Akapita na 58. Siku ile nyumba yote ilikuwa nyeupe na pudra ya kushangilia, hata mbuzi wa jirani. Leo iko Kasapa, anasoma sheria. Baba Kampemba, andika bile unataka, lakini sema kama mutoto wa 52 ni wenu ao haina wenu.

---

Finalisti_Mchovu

Mama Mado, samahani. Nilisema kwa haraka.

---

Prefe_Mstaafu

Wanangu, nimeusoma uzi huu mara mbili. Nilianza kufundisha miaka ya sabini, kwa hiyo mnivumilie nikirudi nyuma.

Wakati wa ukoloni karibu shule zote zilikuwa za misheni, na hapa kwetu ukiongeza za kampuni, kwani Union Minière, kampuni ya madini, ilisomesha watoto wa wafanyakazi wake. Wasalesiani, mapadri wa shirika la Don Bosco, walifika Elisabethville (Lubumbashi ya leo) mwaka 1911, mji ukiwa na mwaka mmoja tu. Kusudi la shule nyingi za wakati ule lilikuwa fupi: karani, mwalimu, fundi, padri. Chuo kikuu hakikutajwa. Chuo cha hapa kilianzishwa 1955 tu.

Kisha 1974 Mobutu akazitaifisha shule zote. Somo la dini likatolewa, misalaba ikashushwa. Haukupita muda mrefu serikali ikaona haiwezi kuziendesha, na tarehe 26 Februari 1977 ikatia saini mkataba na makanisa: shule ni za serikali, uendeshaji ni wa kanisa. Ndiyo asili ya neno "konvansione" mnaloliona kwenye vibao. Nilikuwepo siku misalaba iliporudi. Tulipigilia misumari, tukaimba, na Jumatatu iliyofuata tukaanza tena kufundisha kama wiki iliyotangulia. Hakuna aliyeuliza msalaba ule ungebadili nini darasani zaidi ya ukuta. Naona nyinyi mnauliza, ingawa mmechelewa miaka karibu hamsini.

Na hizo shule za Marekani nazo zina historia yake. Harvard ilianzishwa 1636, na moja ya hofu za waanzilishi ilikuwa kubaki na wachungaji wasiosoma. Boston walikuwa na shule ya Kilatini tangu 1635. Baadaye zikaja shule za sekondari za Andover, 1778, na Exeter, 1781. Hati ya kuanzisha Exeter ina wazo ambalo niliwahi kuliandika ubaoni: wema usio na maarifa ni dhaifu, lakini maarifa yasiyo na wema ni hatari. Leo shule hizo mbili ni maarufu kwa kupeleka watoto vyuo vikubwa, na si watu wengi wanaozikumbuka kwa mambo ya dini. Sehemu moja ya sentensi ilikula nyingine. Hakuna aliyekaa kikao akaamua iwe hivyo. Ilikwenda polepole, kila mwaka kidogo.

Baba Kampemba, swali langu ni moja. Usiniambie shule yenu itafanya nini, maana kila shule itafanya mazuri. Niambie itakataa nini hata ikiingia hasara.

---

Rashidi_wa_Kenya

Asalaam na jambo. Kwa wa mbali: Kenya ni komini ya hapa Lubumbashi, si ile nchi.

Mimi ni Mwislamu na nilisoma kwa masista na mapadri miaka kumi na miwili. Najua Baba Yetu kuliko baadhi yenu. Baba yangu alitupeleka kwa sababu walimu walikuwa wanafika. Ndiyo falsafa aliyoitaka, mwalimu afike.

Sikuona ubaya kusimama wakati wa sala. Kilichoniudhi ni mwaka mmoja, mwalimu mpya alitaka nikiri mbele ya darasa, na pointi za somo la dini zilitegemea hilo. Mkuu wa nidhamu, padri mzee, akaingilia. Alimwambia yule mwalimu kwa sauti ya chini, lakini nilisikia: imani haisahihishwi kwa kalamu nyekundu.

Mkichagua mlango wa agano, sawa, ni haki yenu, mtuambie getini tusipoteze nauli. Mkichagua mlango wazi, basi uwe wazi mpaka ndani. Msichukue minervali (karo) yangu na kumfanya mwanangu mradi.

---

Mwana_wa_Imara

Mzee Rashidi ameniamsha. Mimi ni mtoto wa Wasalesiani, nilisoma Imara, shule yao ya hapa Lubumbashi. Don Bosco hakuacha falsafa ndefu. Alisema malezi yanasimama juu ya akili, dini na upendo, na kwamba ni heri kumzuia mtoto asianguke kuliko kumngoja aanguke umwadhibu. Watu wakisikia "kuzuia" wanafikiri fimbo na ukuta. Kumbe maana yake ilikuwa mwalimu kuwepo uwanjani. Padri anapandisha kanzu anacheza mpira na sisi, na ukiwa na shida nyumbani anaijua kabla hujasema, kwa jinsi unavyopiga mpira.

Baba Kampemba, tafuteni hesabu hii: walimu wenu wangapi bado wako uwanjani dakika kumi baada ya kengele ya mwisho? Najua wanakimbilia masomo ya jioni kwingine ili wale. Basi nalo liandikwe.

---

Mama_Titrasyo

Nafundisha kemia. Ninacheka hiyo "kweli yote ni ya Mungu" kwa sababu nimeona inavyofanyika vibaya: mkaguzi wa kanisa anakuja, mwalimu anabandika mstari wa Biblia juu ya jedwali la elementi, tumemaliza, somo limekuwa la Kikristo. Asidi haibatizwi, jamani.

Lakini naamini lile neno. Nieleze ninavyolifanya. Tuko Lubumbashi, nusu ya darasa langu wanaota kuingia kwenye shaba na kobalti, wengine wana kaka zao Kolwezi, kwenye migodi. Tukifika kwenye asidi na besi, natuma watoto wachote maji, mtoni na kwenye visima vya kwao, tunapima pH. Halafu hatukimbii. Kila mmoja anaandika ukurasa: maji haya yamepita wapi, nani anakunywa, mhandisi wa kiwanda anajua nini ambacho mama anayefua hajui. Mwaka jana mvulana mmoja aliandika kwamba baba yake ndiye anayefungua bomba. Sikumsomea mtu. Nilimpa pointi zake zote na tukakaa muda mrefu baada ya kipindi.

Mtoto huyo atakwenda Politekniki, kusomea uhandisi, ana kichwa. Siku moja ataletewa karatasi atie saini. Mimi namwandalia saini hiyo. Kama mchungaji wako anataka kujua kemia ya Kikristo ni ipi, aje Alhamisi, saa ya tatu, avae viatu vya matope.

---

Kivu_Mlimani

Niko Bukavu, na kwa hali ya huku sisomi uzi kila siku, lakini huu nimeumaliza.

Kwetu watu wakitaja shule ya kuandaa chuo wanataja Alfajiri, ya Wajezuiti. Mpango wao wa masomo ulichapishwa 1599 na bado unaonekana kivuli chake hata katika sehemu yetu ya Kilatini-Falsafa: kwanza ujue lugha, kisha upange mawazo, kisha useme mbele za watu. Mwaka 1973 mkuu wao Pedro Arrupe aliwaambia waliosoma kwao, mjini Valencia, kwamba lengo ni kulea watu wanaoishi kwa ajili ya wengine, na akawauliza waziwazi kama shule zao zimewafundisha haki. Akajibu mwenyewe kwamba hapana, si vya kutosha. Hakuwafurahisha wote. Nawapenda kwa hilo, mkuu wa shirika anasema mbele ya watu waliosoma kwao kwamba kazi haijafanyika.

Kwa miaka hii ya vita nimejifunza jambo dogo. Shule inapofungwa kwa risasi, minervali haiingii, Exetat haijulikani lini, ndipo unaona kilichokuwa kusudi. Kuna walimu waliokuwa wanakusanya watoto sebuleni na kuendelea na milinganyo bila kulipwa. Wengine hawakuonekana tena. Falsafa ya ukutani ilikuwa ileile kwa wote.

---

Kesi_ya_Shule

Nimesoma mazuri yote. Mimi ni mweka hazina wa shule kama hiyo ya Baba Kampemba, tena si konvansione, ni ya kibinafsi yenye kibali. Maana yake ni kwamba serikali hailipi mwalimu hata mmoja. Ule msamaha wa karo wa 2019 uligusa shule za msingi za umma, sisi hatumo. Mwalimu wangu wa fizika analipwa na minervali ya watoto thelathini na wawili. Wanane wasipolipa, nakata mshahara wa mtu mwenye watoto wake.

Kwa hiyo mkiandika "hatutamfukuza mtoto kwa minervali", andikeni na jina la atakayelipa. Nasikia uchungu kila tarehe tano nikisimama getini na orodha. Mtoto ananiita tonton (mjomba), ni wa kanisa letu, na namrudisha nyumbani. Prefe mstaafu anauliza tutakataa nini hata kwa hasara. Mzee wangu, kwa heshima, hasara hiyo inakaa kwenye daftari langu.

---

Prefe_Mstaafu

Mwanangu Kesi, umenijibu vizuri kuliko nilivyouliza. Nilifukuza kwa minervali mimi pia, miaka ya tisini, wazazi walipoanza kubeba mishahara ya walimu na ikabaki hivyo. Kuna msichana mmoja hakurudi. Mliandike lile mnaloweza kulitimiza, na lile msiloweza mliache wazi, lisifunikwe na mstari wa Biblia.

---

Yaya_Mado

Tonton Kesi, mie sikukatalie. Mwalimu naye anakula bukari. Lakini ile orodha, usisome ku drapo mbele ya benzake. Ita muzazi.

---

Kesi_ya_Shule

Hilo naweza, mama. Tangu wiki ijayo.

---

Baba_Kampemba

Narudi na habari. Kikao kilikuwa Jumamosi, kuanzia saa nane mpaka giza, na SNEL wakatuzimia umeme katikati, tukaendelea kwa tochi za simu. Niliwasomea karibu kila kitu mlichoandika, majina ya humu tu.

Mbingu imetoka. Aliyeitoa ni mchungaji mwenyewe. Alisema hawezi kutoza minervali kwa kitu ambacho si chake kugawa.

Mlango tumeuacha wazi. Wawili walitaka agano, wakasema shule itapoteza sura, na nawaelewa. Mmoja wao ana hofu ya kweli kwamba tutakuwa kama ile Exeter ya Prefe. Tukakubaliana walimu wawe waamini, watoto wawe wa yeyote, na pointi za dini zitolewe kwa kinachojulikana, si kwa kinachokiriwa. Maneno ya padri wa Rashidi yameingia kama yalivyo.

Kwa swali la Prefe tulikaa saa mbili nzima. Tumeandika kwamba shule haitakusanya mchango wowote unaohusu wasimamizi wa mtihani, na mwalimu atakayekusanya atajieleza kwa kamati. Hakuna aliyepinga, na ukimya ule haukunipendeza sana. Tumeandika pia kwamba mtoto aliyepita la tano anaingia la sita hapa hapa, awe na 52 au 82. Hapo kura zilikuwa saba kwa nne. Mama mmoja katika wale wanne alilia. Binti yake ni wa kwanza darasani na anaogopa shule itadharauliwa atakapotafuta nafasi chuoni. Sikuwa na jibu zuri la kumpa.

Minervali imeshinda. Tulijaribu sentensi tano, zote zikaanguka kwenye daftari la mweka hazina. Iliyobaki inasema tu kwamba habari za deni ni za mzazi na shule, hazisomwi mbele ya watoto. Yaya Mado, ni yako hiyo.

Kisha nikaongeza mstari mmoja kuhusu buletini. Mnakumbuka kwenye buletini zetu kuna nafasi ya "konduite" (tabia) na ya "aplikasyo" (bidii), pembeni ya pointi, ambayo walimu wanaijaza usiku mmoja kwa wote, herufi moja kutoka juu mpaka chini? Kuanzia muhula huu kila mwalimu ataiandikia sentensi yake kwa kila mtoto. Walimu walinung'unika. Mama Titrasyo, tumesema kwamba Alhamisi moja kamati itakuja mtoni kwako, mchungaji amenunua mabuti.

Nikamsomea mke wangu ukurasa wote. Akasikiliza, akasema, "Exetat nimeiona, mstari wa tatu. Iko mahali pake."

Kimebaki kitu kimoja. Ule ukuta. Rangi nyeupe tumeipata makopo mawili, kijana wa kupaka yupo, lakini maandishi yako juu, kama mita nne hivi. Nani ana ngazi ndefu upande wa Kampemba au Bel-Air? Tungependa Jumapili baada ya ibada, kabla mvua haijaanza.

---

Finalisti_Mchovu

Kwetu Bel-Air ipo, ya baba. Nitaibeba mimi.